Waliobaki kwenye Benchi

Fundi seremala mmoja alikuwa na binti asiyeamini, na yeye fundi ndiye aliyekuwa wa mwisho kulijua hilo. Si kwamba alikuwa mzembe. Alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyefungua milango ya kanisa kila Jumapili na kuifunga, na mabenchi yote ya mle ndani aliyachonga kwa mikono yake. Mkewe alifundisha darasa la ubatizo. Nyumbani kwao palikuwa na Biblia chumbani, Biblia sebuleni na Biblia jikoni, na ile ya jikoni ilinuka vitunguu kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Katika nyumba ya namna hiyo nani atakaa aanze kumtafuta asiyeamini?

Binti mwenyewe walimwita Wakili. Jina hilo alilipata akiwa bado anang'oka meno ya utoto, jioni moja aliposomewa habari za gharika. Alisikiliza kwa makini. Wanyama wakaingia safinani wawili wawili, mvua ikanyesha, waovu wakafa maji, njiwa akarudi na jani lake. Baba akafunga kitabu. Mtoto akauliza, "Na samaki?"

"Samaki wamefanya nini?"

"Ndiyo nauliza. Wao hawakuwa na dhambi? Mbona maji hayakuwafanya kitu?"

Baba alicheka mpaka akajipiga mapaja, akamwita mkewe aje asikie. "Mke wangu, sisi tumezaa wakili!" Halafu akamwahidi mtoto kwamba atakwenda kumuuliza mchungaji. Hakumuuliza. Watu wazima husahau mambo ya maana kweli kweli. Lakini mtoto hakusahau.

Wapo watu wanaopenda kusikia kwamba asiyeamini aliumizwa mahali, au alidanganywa na marafiki, au alisoma kitabu kibaya. Samahani kwao. Wakili hakuumizwa na mtu. Aliipenda Jumapili tangu asubuhi, harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, mama akimpaka mafuta usoni kwa nguvu kama anayesugua sufuria, na zile nyimbo ambazo kila mtu aliimba kwa sauti yake na bado zikapendeza. Tatizo lilikuwa moja tu. Wengine waliposema wanasikia kitu moyoni, yeye alisikiliza moyoni mwake, akasikia mapigo ya moyo, basi. Alijaribu. Aliwahi kuingia chini ya kitanda akaomba apewe ishara, hata ndogo, hata kikombe kianguke mezani. Kikombe kilikaa palepale. Akapitiwa na usingizi, akaamshwa akale.

Siku ya kipaimara alisimama katikati ya wenzake, na mchungaji alipouliza kama wanaamini, darasa zima likanguruma "Tunaamini!" na yeye akachezesha midomo. Hakuna aliyegundua. Lakini alirudi nyumbani na uchungu ambao hata kuiba sukari hakukuwahi kumpa, maana sukari ukiiba unakuwa walau umekula. Akajiapia kwamba hatalisema neno lile tena kwa uongo, wala mbele ya watu wala peke yake.

Sasa kulikuwa na benchi moja nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango. Lilikuwa benchi la kwanza ambalo Baba alilichonga akiwa bado anajifunza kazi, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Ukilikalia peke yako liliyumba kama linalotaka kukumwaga sakafuni. Wakikaa wawili, mmoja huku na mmoja kule, lilitulia. "Nitalirekebisha wiki ijayo," Baba alikuwa akisema, na alianza kusema hivyo kabla Wakili hajazaliwa.

Hapo walikaa Wakili na Bibi, mama yake Baba. Ulipofika wakati wa kwenda kwenye meza ya Bwana, kina mama wenye watoto wachanga walipita pale na kumpakatisha Bibi watoto wao. "Nendeni, nendeni," Bibi angesema, "mimi nawashika." Na kwa kuwa mapaja ya Bibi yalikuwa mawili na watoto walikuwa wengi, Wakili alibaki kumsaidia. Kanisa zima likawasifu. Bibi na mjukuu, wana moyo kweli! Wanajinyima wao ili wenzao wapate! Wakili aliinamisha kichwa akazipokea sifa zile kwa aibu, akiamini kwamba kanisa zima hakuna mwingine anayejificha nyuma ya nepi za watoto.

Ikaja Jumapili ya mvua kubwa. Watoto wengi waliachwa nyumbani, akaletwa mmoja tu, naye alikuwa amelala fofofo. Wakati wa meza ulipofika watu wakaanza kusogea mbele, na benchini wakabaki wawili na kitoto kimoja.

"Nenda, mke mwenzangu," Bibi alinong'ona. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake siku zote, maana alidai walikuwa wakigombea mume mmoja, yaani marehemu Babu. "Mimi namshika huyu."

"Nenda wewe, Bibi. Nitamshika mimi."

"Nenda wewe."

"Wewe ndiye mkubwa, tangulia."

"Wewe ndiye mwenye dhambi nyingi, tangulia wewe."

Kitoto kikasukumwa huku, kikarudishwa kule, kikasukumwa tena, mpaka kikafungua macho, kikawatazama wote wawili kwa dharau na kuangua kilio. Hamjapata kuona watu wanaofurahia kilio kama wale. Waliinuka pamoja, wakakimbilia nje pamoja, wakasimama chini ya paa mvua ikiwarukia miguuni. Bibi akambembeleza mtoto. Kisha akageuka.

"Haya. Niambie ukweli. Mbona huendi?"

"Na wewe je? Anza wewe."

Bibi alitazama mvua. "Mimi sijabatizwa."

Wakili alidhani ni utani. Bibi alikuwa mtu wa kwanza kuamka kusali, ndiye aliyemsahihisha mkwewe sala ya chakula, ndiye aliyejua nyimbo zote bila kitabu.

"Usinikodolee macho," Bibi alisema. "Siku babu yako na watu wake wote walipobatizwa, mimi nilishikwa na uchungu wa kuzaa. Baba yako huyo! Hakuweza kungoja hata ibada iishe. Watu wakarudi kutoka kanisani wakasema nyumba nzima imebatizwa, wakapika, wakala. Nami nilikuwa wa nyumba hiyohiyo, kwa hiyo wakanihesabu. Mwanzoni nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Baadaye nikaona haya. Baadaye tena ikawa mazoea, na watoto wa kushika hawakuisha. Haya, zamu yako."

"Mimi nimebatizwa, Bibi. Lakini siamini."

"Huamini nini?"

"Yote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Umejaribu lakini?"

"Nimejaribu mpaka nikalala."

Bibi aliuma mdomo. Kicheko chake kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, kikamtikisa mtoto aliyekuwa mikononi mwake mpaka naye akasahau kulia. "Mungu wangu! Yaani wewe una maji huna imani, na mimi nina imani sina maji!" Wakacheka wote wawili, wakashikana, wakaegemea ukuta, na kila mmoja akijaribu kunyamaza mwenzake anamwanzisha tena. Mle ndani watu walikuwa wakiimba wimbo wa toba.

Walipochoka, Wakili akauliza kwa sauti ndogo, "Hujanikasirikia?"

"Nikukasirikie, kwani umeniibia? Nasikitika kidogo, sitakuficha. Ninachokipata mimi nikisali ni kitu kizuri, na ningependa na wewe ukipate. Basi." Akamfuta mtoto pua kwa ncha ya kanga. "Mimi nataka kubatizwa. Nimechoka kushika watoto wa watu."

"Si uende darasani kwa Mama?"

"Nikae mkekani nifundishwe na mkwe wangu? Nikikosa jibu anitume kufagia?" Bibi alimtazama mjukuu wake, akaendelea kumtazama.

"Bibi, hapana. Hukusikia nilichosema sasa hivi?"

"Nimesikia. Sijakwambia uamini, nimekwambia unifundishe. Majibu si unayo?"

Majibu alikuwa nayo. Alikua akiyasikia kupitia ukutani, mama yake akiyafundisha sebuleni kundi baada ya kundi, na hata ungemwamsha usingizini angekujibu swali lolote la kitabu kile na kukutajia ukurasa.

Ndivyo darasa lilivyoanza, kwenye karakana ya Baba. Wakili ndiye aliyekuwa akimalizia samani, kazi ya msasa na vanishi, na alasiri Baba alipotoka kupeleka vitanda na makabati kwa wateja, Bibi aliingia na kikombe chake cha chai, akakalia rundo la mbao, miguu ndani ya maranda ya mbao. Wakili alisugua kiti huku akiuliza. Bibi alijibu huku akipuliza chai.

"Nani aliyekuumba?"

"Mungu. Na aliifanya kazi vizuri, ungeniona enzi zangu!"

"Bibi, jibu la kitabu linaishia kwenye Mungu."

"Kitabu hakikuniona."

Amri aliziweza, isipokuwa aliruka ile ya kutotamani mali ya jirani, na alipokumbushwa alisema kuna jirani mmoja mwenye majiko mawili ya gesi na haoni kwa nini asiyatamani. Sala ya Bwana aliisoma kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi. Lakini sehemu ngumu, zile ambazo darasa la Mama lilizikariri bila kuzielewa, Wakili alizieleza taratibu na kwa mifano, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kupambana nazo moja moja akitafuta mahali pa kuingilia. Bibi akaelewa. Siku nyingine ilikuwa kinyume, Wakili ndiye aliyeuliza maswali yasiyokuwa kitabuni, na Bibi hakuyakimbia.

"Kwa nini unaamini, Bibi? Usinipe jibu la kitabu. Nataka lako."

Bibi aliweka kikombe chini. "Siku ya kumzika babu yako nyumba ilijaa watu, na kila anayeingia ananiambia, jikaze. Shemeji, jikaze. Dada, jikaze. Mama, jikaze. Nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikamwambia Mungu, mimi leo siwezi kujikaza." Akapangusa maranda miguuni. "Na yeye hakuniambia jikaze."

Wakili aliacha kusugua. Siku hiyo hakumwamini Mungu zaidi ya jana yake, hilo liwe wazi. Lakini alimwamini Bibi kabisa. Aliona kwamba mwanamke huyu hakukariri kitu wala hakuiga mtu, na kwamba akisema anaamini, anasema kweli tupu. Wakili alimpenda sana siku hiyo, zaidi ya alivyojua kusema, kwa hiyo akamwambia chai yake inapoa.

Jumamosi moja, familia ikiwa mezani, Bibi akamwaga mtama. Alisema tu, kama anayeomba chumvi, "Mchungaji amekubali kunibatiza Jumapili ya wiki ijayo."

Mama alipaliwa na maji. Baba alipigwa na butwaa, kijiko kikiwa kimesimama hewani. Bibi akaeleza kisa chake chote, uchungu wa kuzaa, haya na mazoea.

"Mama!" Mkwewe alikuwa bado anakohoa. "Miaka yote hii umekuwa ukinisahihisha mimi sala zangu!"

"Si zilikuwa na makosa?"

"Kwa hiyo," Baba alisema polepole, "niliyekuzuia ni mimi?"

"Ni wewe. Ulikuwa na haraka, na mpaka leo huwezi kungoja chakula kipoe."

Meza nzima ikavunjika mbavu. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akaapa kushona gauni jeupe kwa mkono wake. Kisha Baba, akijifuta macho, akauliza nani atakuwa msimamizi, maana anayebatizwa mtu mzima husimama na mtu wa kumshuhudia, naye huulizwa kama anaamini.

"Huyu hapa," Bibi alisema, akamwelekezea Wakili kijiko. "Ndiye aliyenifundisha."

Baba aliinuka. Alizunguka meza, akamkumbatia binti yake kwa mikono yenye harufu ya gundi ya mbao. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi na wewe. Maswali yale yote tangu utoto! Nikasema huyu tutampoteza. Kumbe ulikuwa unamfundisha mama yangu!" Wakili alikuwa na tonge mdomoni na halikwenda mbele wala nyuma. Hakuwahi kumwona baba yake akiwa na furaha kiasi kile, na furaha yenyewe ilisimama juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Baada ya chakula alimfuata Bibi chumbani. "Chagua mtu mwingine, nakuomba."

"Sitaki mwingine."

"Bibi, nitaulizwa kama naamini! Mimi peke yangu, si darasa zima! Nitajibu nini?"

Bibi alikuwa akikunja nguo. "Wewe umewahi kunidanganya?"

"Hapana."

"Basi usianzie kanisani."

"Na Baba je?"

Hapo Bibi alikaa kitandani. "Hilo nalo ni kweli," alisema. "Ataumia. Sitakwambia kwamba hataumia."

Wiki nzima Wakili alikusudia kumwambia Baba. Ilifika siku akapiga moyo konde, akaingia karakanani akamkuta akipiga randa huku akiimba. Baba alikuwa anamchongea Bibi kigoda cha kupigia magoti, chenye maua pembeni, yeye ambaye alikuwa na vitanda vya watu vilivyochelewa. "Baba, kuhusu Jumapili..." Lakini Baba aliinua mkono. "Najua. Unaogopa kusimama mbele za watu. Usiogope, mimi nitakuwa pale mbele, wewe nitazame mimi tu." Akaendelea kuimba. Wakili akachukua msasa na kuanza kulainisha kigoda, kwa sababu ilikuwa ndiyo kazi yake, na machozi yalimdondokea kwenye mbao ikabidi ayafute kabla hayajaacha alama.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Habari kwamba Bibi mshika watoto hajabatizwa ilikuwa imesambaa, na waliotaka kuabudu walikuja, na waliotaka kuona walikuja pia. Bibi aliingia na gauni jeupe, ametuna kwa maringo kama bibi harusi, Wakili ubavuni mwake. Baba alikaa benchi la mbele na kutabasamu mpaka masikioni.

Mchungaji, mtu mwembamba mwenye miwani iliyoshikiliwa na gundi ya Baba, akamuuliza Bibi maswali. Bibi alijibu yote, mengine kwa maneno ya kitabu na mengine kwa nyongeza. "Unaamini?" aliulizwa mwishoni.

"Naamini. Na kuchelewa si kosa langu, kosa ni la yule pale." Akamnyooshea kidole mwanawe. Kanisa likacheka, Baba akainuka nusu akakiri kosa kwa mkono.

Kicheko kikatulia. Mchungaji akageuka. "Na wewe, msimamizi wake. Unaamini?"

Wakili alimtazama Baba, kama alivyoambiwa. Baba alimtikisia kichwa kumtia moyo. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na likisemwa watu wote wangekwenda nyumbani wamefurahi, na yeye angerudi na uchungu ule wa kipaimara, akae nao mpaka azeeke.

"Mchungaji," alisema, "mimi siamini."

Tabasamu la Baba likashuka.

"Nimejaribu. Sijaweza. Sikutaka kusema uongo mahali hapa, siku ya Bibi." Sauti ilitetemeka, lakini haikukatika. "Ila kama unaniuliza kuhusu yeye, hilo nalijua. Nimemuuliza maswali ambayo hayamo kitabuni, mengine mabaya, na hakuyumba. Yeye anaamini. Nashuhudia mbele ya watu wote."

Mchungaji alivua miwani, akaivaa tena. Minong'ono ikaanza kupanda kutoka nyuma, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba haijawahi kutokea. Bibi hakungoja ipande zaidi.

"Nyamazeni nyie!" alisema, akawageukia. "Mimi nilitaka shahidi. Ninyi wote ni wenzangu katika imani, mtanipendelea tu. Huyu hana sababu yoyote ya kunipendelea, na bado amesema ninaamini. Mnataka shahidi gani tena?"

Mabega ya mchungaji yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa, haikusaidia, akacheka waziwazi, na kanisa likamfuata. "Bibi," alisema alipopata pumzi, "shahidi wako nimemkubali. Lakini utaratibu unadai mmoja anayeamini asimame."

Watu wakatazamana. Kisha benchi la mbele likalia, na Baba akainuka. Alitembea mpaka mbele akasimama upande wa pili wa mama yake. Hakumtazama binti yake. "Naamini," alisema, kwa sauti ya chini. Wakili akageuka ili aondoke.

"Shahidi abaki palepale," mchungaji alisema.

Akabaki. Bibi alipiga magoti kwenye kigoda cha maua, akashika mkono wa mjukuu huku na mkono wa mwanawe kule, maji yakamshuka kichwani, akapiga chafya, akacheka, na mtu fulani nyuma akapiga kigelegele, kikaitikiwa na kanisa zima.

Ulipofika wakati wa meza, Bibi aliongoza. Alikwenda na gauni lililolowa mabega, kichwa juu, hakugeuka nyuma hata mara moja. Wakili alikaa peke yake kwenye lile benchi na likayumba, akalazimika kukaza miguu sakafuni. Akaona kina mama wakija na watoto wao. Akajiuliza kama watapita. Wa kwanza kufika alikuwa Mama yake, aliyekuwa amembeba mtoto wa jirani. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama, akamtazama, akamweka mtoto mapajani mwake. "Mshike vizuri shingo," alisema, "bado haijakaza." Na wengine nyuma yake wakafanya vilevile, mpaka Wakili akawa na watoto watatu na hana mkono wa kujifutia uso.

Mchana walikula kwa furaha, kwa sababu Bibi hakuruhusu kitu kingine. Lakini Baba hakumsemesha Wakili neno. Hakumkaripia wala hakumtazama. Alikula, akashukuru, akatoka.

Kesho yake Wakili alikwenda karakanani na roho juu. Akakuta milango iko wazi na katikati ya sakafu limepinduliwa benchi, miguu juu. Lilikuwa lile la nyuma, la mlangoni. Baba alikuwa amepiga magoti kando yake, penseli sikioni.

"Tangu lini?" aliuliza bila kuinua macho.

Wakili alijua anachoulizwa. "Tangu samaki, Baba."

"Samaki gani?"

"Wa gharika. Ulisema utamuuliza mchungaji."

Baba alikaa chini kwenye maranda. Alifikiri, akakumbuka, na uso wake ukapita mambo mengi kwa wakati mmoja. "Samaki!" alisema. Kicheko kikamtoka hata bila kutaka, kikaisha, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Ningemuuliza, ungeamini?"

"Sidhani. Lakini ningefurahi kujua."

"Naumia, mwanangu. Sitajifanya. Nitakuombea mpaka nife, na usinikataze."

"Sikukatazi. Niombee."

"Na ulipokuwa pale mbele unatetemeka," Baba alisema, "nilitaka kukimbia nikushike. Halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika." Akachukua randa. "Nishikie huu mguu."

Wakaufanyia kazi pamoja. Baba alikuwa amekata kipande cha mbao ngumu, akakiunga chini ya ule mguu mfupi kwa gundi na misumari, Wakili akakipiga msasa mpaka kidole hakikuweza kuhisi palipoungwa. Walipomaliza wakaligeuza, wakaliweka sakafuni.

"Baba, benchi hili umesema utalirekebisha tangu sijazaliwa. Kwa nini leo?"

Baba alikuwa anafagia maranda. Alifagia mahali pamoja mara kadhaa. "Bibi yako sasa anakwenda mezani," alisema. "Wewe utakuwa unabaki peke yako. Sitaki likuyumbishe." Akasimamisha ufagio. "Kaa, tuone."

Wakili akakaa.